Maharagwe kwenye friza kwa mwenye utumbo nyeti

Mtu mwenye utumbo nyeti akiamua kupunguza nyama hapa Uganda, hatua ya kwanza karibu kila mara ni ile ile: sufuria kubwa ya maharagwe Jumapili, igawanywe kwenye vyombo, iingie kwenye friza, iliwe wiki nzima na posho (ugali wa mahindi) au matoke. Ni uamuzi wa busara. Maharagwe ni rahisi kuliko nyama, makaa yanateketea mara moja badala ya mara saba, na mtu aliyechoka kwa maumivu hahitaji kusimama mbele ya sigiri kila jioni. Lakini ikifika Jumatano tumbo limewamba kama ngoma, linanguruma, na mwenyewe anaamua moja kati ya mawili: ama mwili wake haukubali kukaa bila nyama, ama chakula cha friza ndicho kilichomdhuru.

Friza haina hatia, na nyama si lazima. Shida iko kwenye maji yaliyopikia maharagwe, kwenye kitunguu cha mchuzi, na kwenye kipimo cha sahani. Vyote vitatu vinarekebishika, na friza ndiyo chombo bora cha kurekebishia kwa sababu inamwezesha mtu kupima.

Hakikisha kwanza ni utumbo nyeti

Jina "vidonda vya tumbo" limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Anayeungulia chini ya kifua, anayeharisha, anayefunga choo, anayejaa gesi: wote huambiwa wana vidonda. Vidonda halisi hukaa kwenye mfuko wa chakula au mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Vyanzo vyake vikubwa ni bakteria aitwaye H. pylori na dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni, na hutibiwa kwa dawa. Mlo unaoelezwa hapa haukutungwa kwa ajili ya vidonda.

Umetungwa kwa ajili ya utumbo nyeti, ambao madaktari huuita IBS. Huu ni utumbo ambao ukichunguzwa hauonyeshi jeraha, ila neva zake huhisi kupita kiasi na misuli yake hukaza na kulegea ovyo. Vigezo vya Roma vya mwaka 2016, vinavyotumiwa na madaktari duniani, vinataka mtu awe ameumwa tumbo angalau siku 1 kwa wiki katika miezi 3 iliyopita, na dalili ziwe zilianza miezi 6 au zaidi kabla ya daktari kuutambua ugonjwa. Maumivu hayo yaambatane na mambo mawili kati ya matatu: yabadilike mtu akienda choo, safari za choo ziongezeke au zipungue, au kinyesi kibadilike umbo.

Damu kwenye kinyesi, kupungua uzito bila sababu, homa, upungufu wa damu, kuharisha kunakomwamsha mtu usiku, au dalili zilizoanza baada ya umri wa miaka 50 havihusiani na mapishi. Hayo ni mambo ya hospitali, na yasisubiri. Kwa anayeishi au aliyewahi kuoga na kuvua kando ya Ziwa Victoria, Ziwa Albert au Mto Nile, aombe pia kipimo cha kichocho cha utumbo. Kichocho huleta maumivu ya tumbo, kuharisha na wakati mwingine damu, huweza kukaa mwilini miaka mingi, na hutibiwa kwa prazikwanteli. Hakuna mlo utakaokiondoa. Minyoo na amiba nao wapimwe kabla mtu hajaanza kuacha chakula kimoja baada ya kingine.

Kinachotokea ndani

Mwaka 2005, Peter Gibson na Sue Shepherd wa Australia walichapisha wazo la kuweka pamoja sukari fupi ambazo utumbo mwembamba hauzifyonzi vizuri, wakaziita FODMAP. Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, kimeendelea tangu hapo kupima vyakula kimoja kimoja. Sukari hizi hufanya mambo mawili. Huvuta maji kuingia ndani ya utumbo, kisha zikifika utumbo mpana, bakteria wanazichachua na kutoa gesi. Kila binadamu hutoa gesi hiyo. Mwenye utumbo nyeti huhisi kule kutanuka kama maumivu.

Maharagwe, kunde, njegere, mbaazi na soya hubeba rafinosi na stakiosi, na binadamu hana kimeng'enya cha kuzivunja. Vitunguu maji, vitunguu saumu na ngano vina fruktani. Maziwa yana laktosi. Embe na asali zina fruktosi iliyozidi. Uyoga na parachichi zina sukari za jamii nyingine, lakini mwisho wake ni ule ule.

Nyama, samaki na mayai havina sukari hizi hata chembe. Ndiyo sababu mgonjwa akila nyama choma na posho hulala salama, kisha akila maharagwe anateseka, na anahitimisha kwamba yeye ni mtu wa nyama. Kwa kweli alichokwepa ni sukari za maharagwe na kitunguu, basi.

Jambo jingine linalopoteza watu ni saa. Gesi haianzi chakula kikiwa mdomoni. Huanza kikifika utumbo mpana, baada ya saa kadhaa. Aliyekula maharagwe saa 7 mchana anaweza kuanza kujaa saa 12 jioni, akiwa ndiyo kwanza amekunywa chai, na chai inabeba lawama isiyo yake. Anayeandika alichokula na saa aliyoanza kuumwa huliona hilo ndani ya siku chache.

Maji matatu ya maharagwe

Mashauri ya kawaida ya kugandisha maharagwe yanasema yagandishwe ndani ya supu yake, yasikauke wala kupasuka. Kwa mtu mwenye tumbo zima ni ushauri mzuri. Kwa mwenye utumbo nyeti ndio unaomponza, kwa sababu rafinosi na stakiosi huyeyuka kwenye maji. Wakati wa kuloweka na kuchemsha, sehemu kubwa ya sukari hizo hutoka kwenye punje na kuingia kwenye supu. Ukigandisha supu hiyo, ukaipasha, ukaimwaga juu ya posho, umerudisha kila ulichokitoa. Ile supu nzito, nyekundu, tamu, ambayo jikoni kwetu ndiyo sifa ya mpishi, ndiyo yenye shida nyingi kuliko punje.

Kwa hiyo punje na supu vitengane. Anza na kilo 1 ya maharagwe makavu. Yataiva na kuwa kama kilo 2 na robo. Nambale au ya njano, yote yanafaa. Muhimu ni yawe ya mavuno ya karibuni. Maharagwe yaliyokaa ghalani kwenye joto na unyevunyevu kwa msimu mzima huwa magumu kwa sababu gundi inayoshika chembe zake haiyeyuki tena vizuri, na unaweza kuchemsha saa 3 yakabaki na kiini kigumu. Kiini hicho ni wanga usioiva, na bakteria wa utumbo mpana wataufurahia.

Chambua, osha, loweka kwenye lita 4 za maji kwa saa 8 hadi 12. Kwenye joto kali, kama Gulu au Arua wakati wa kiangazi, badilisha maji katikati, maana yakianza kutoa povu na harufu yameanza kuchacha. Maji hayo mwaga yote.

Weka maji mapya, lita 4 nyingine, na uchemshe kwa moto mkali unaotokota kwa dakika 10 kamili. Mwaga tena. Dakika hizi 10 zina kazi mbili. Zinatoa sukari zaidi, na zinaharibu sumu ya asili iliyomo kwenye maharagwe mabichi, hasa mekundu, ambayo husababisha kutapika na kuharisha vikali. Sumu hiyo haifi kwa moto mdogo. Anayetumia kikapu cha kuhifadhi joto ili kuokoa makaa asiruke hatua hii hata kidogo: maharagwe yaliyopata joto la wastani bila kutokota yanaweza kudhuru kuliko mabichi.

Maji ya tatu yawe ya moto tayari, ili punje zisishtuke na kupasuka. Pika kwa moto wa wastani hadi punje ivunjike kwa ulimi ikibanwa kwenye kaakaa, bila meno. Nyanya usiweke bado. Asidi yake inazuia maganda kulainika, na ndiyo sababu nyingine ya maharagwe kukataa kuiva. Kama unajua maharagwe yako ni magumu, weka nusu kijiko cha chai cha magadi kwenye maji ya kulowekea, yale yatakayomwagwa. Usiyaweke kwenye maji ya kupikia. Magadi huharibu vitamini B1, na anayekula nyama kidogo anaitegemea sana kutoka kwenye maharagwe.

Yakiiva, chuja na uyasuuze kidogo. Ni kweli kwamba maji unayomwaga yanaondoka na sehemu ya foleti, potasiamu na utamu. Hasara hiyo tunaikubali, kwa sababu chakula chenye virutubisho vyote ambacho mtu hathubutu kukila hakimsaidii. Familia isiyo na shida haina haja ya kuipata hasara hii: pikeni pamoja, na kabla ya kuunga, chota punje za mgonjwa uzichuje. Zinazobaki na supu yake ziungwe kama kawaida.

Sasa sehemu ya friza. Tandaza punje kwenye sinia pana, tabaka moja, ziache zikauke unyevu kwa dakika 10, kisha ingiza sinia kwenye friza kwa saa 2 hadi 3. Zikishaganda, kila punje iko peke yake; ukizimimina kwenye mfuko zinalia kama kokoto. Sukuma hewa yote nje ya mfuko, funga, andika tarehe. Punje zisizo na supu hukauka haraka kwenye ubaridi, kwa hiyo zitumike ndani ya miezi 2.

Faida kubwa ni hii: utachota vijiko 2 vya chakula, kama gramu 40, na mfuko utarudi kwenye friza bila kuyeyuka. Vijiko 2 ndicho kipimo cha kuanzia. Aliyegandisha bakuli zima analazimika kuyeyusha bakuli zima, na chakula kilichoyeyushwa hakuna anayependa kukitupa, kwa hiyo hukila chote.

Kitunguu kinachotoka kabla maji hayajaingia

Fruktani ya kitunguu huyeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta. Harufu na ladha yake, kwa upande mwingine, huingia kwenye mafuta vizuri. Basi kata kitunguu kimoja kikubwa vipande vinne, kikaange kwenye vijiko 4 vya mafuta kwa moto mdogo hadi kiwe cha dhahabu, kisha kitoe chote. Kipande kidogo kikibaki na maji yakaingia, kazi imeharibika. Kitunguu ulichokitoa kinaingia kwenye sufuria ya wengine. Saumu hivyo hivyo. Ila mafuta yenye saumu yasiwekwe kabatini kwa matumizi ya baadaye, kwa sababu bakteria wa botulizimu hukua mahali pasipo na hewa kama ndani ya mafuta. Yatumie siku hiyo hiyo au uyagandishe.

Majani mabichi ya kitunguu yanafaa bila shida. Sehemu nyeupe ya chini ndiyo yenye fruktani. Tangawizi, manjano, dania na ndimu vinafaa pia. Viungo vya paketi vya mchuzi visome nyuma: vingi vina unga wa kitunguu na saumu, na ndivyo vinavyomsumbua mtu aliyeacha kitunguu miezi mitatu na bado haelewi.

Mchuzi wa msingi wa sahani 8 huenda hivi. Kwenye mafuta yale yaliyotolewa kitunguu, weka kijiko 1 cha chakula cha tangawizi iliyokunwa na kijiko 1 cha chai cha manjano. Baada ya dakika moja weka nyanya 4 za wastani zilizokatwa, karoti 3 zilizokunwa, maji mililita 300 na chumvi. Funika, pika dakika 20 hadi mafuta yaelee. Usizidishe mafuta: mlo wenye mafuta mengi husukuma utumbo mpana ubane ghafla, na mtu hukimbilia choo kabla hajamaliza kula. Pilipili nayo iachwe kwa sasa. Usiufanye mchuzi uwe mzito kwa unga wa ngano. Unga huo una fruktani, na ukigandishwa na kuyeyushwa mchuzi hukatika, maji upande huu, madonge upande ule.

Pengo la protini

Hapa ndipo mipango mingi ya kupunguza nyama hushindwa kwa wagonjwa hawa. Vijiko 2 vya maharagwe yaliyoiva vina kama gramu 3 na nusu tu za protini. Ukimwondolea mtu nyama na kumpa vijiko 2 vya maharagwe, umemwachia njaa. Pengo hilo huzibwa na karanga, mukene na mayai, vitu ambavyo tunavyo tele.

Mchuzi wa karanga unakubali friza kuliko michuzi yote. Kwa sahani 8, pima unga wa karanga gramu 240, yaani gramu 30 kwa sahani, ambazo zina gramu 7 hadi 8 za protini. Koroga na maji baridi kwanza hadi uwe uji usio na madonge, ongeza maji ya moto hadi lita 1 na robo, nyanya 2, chumvi, na upike kwa moto mdogo dakika 35 hadi 40 ukikoroga chini, maana karanga huganda chini na kuungua mtu akigeuka kidogo. Mafuta yakianza kutokea juu umeiva. Ukitoka kwenye friza utaonekana umekatika, wenye chembechembe. Usiutupe. Upashe polepole na vijiko 3 vya maji ya moto ukikoroga, utashikana tena. Kaa nao miezi 2 tu, kwa kuwa mafuta ya karanga huchacha hata kwenye baridi.

Karanga zenyewe zichambuliwe. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye kuvu zinaweza kuwa na aflatoksini, sumu inayodhuru ini. Haiondolewi kwa kupika wala kwa kugandisha. Kwa sababu hiyo ni bora kununua karanga nzima, kuzichambua mwenyewe na kupeleka kusagwa, kuliko kununua unga ambao hujui ulitoka wapi. Unga huo nao ukae ndani ya friza.

Mukene, ambao sehemu nyingine huitwa dagaa, una protini nyingi na kalsiamu ya mifupa yake. Gramu 15 za mukene mkavu zinatoa kama gramu 8 za protini. Toa vichwa, osha kwa maji ya moto mara mbili kuondoa mchanga, kausha kwenye kikaango bila mafuta hadi wakatike kwa vidole, kisha uwasage. Vijiko 2 vya unga huo kwenye mchuzi wa karanga, dakika 10 za mwisho, vinatosha mtu mmoja. Mchuzi wenye mukene ukae kwenye friza mwezi 1, harufu yake huharibika mapema.

Mayai ya kuchemsha usiyagandishe. Sehemu nyeupe hugeuka mpira. Vunja yai bichi kwenye mchuzi wa msingi unaotokota, siku ya kula, dakika 6 limeiva.

Na nyama si haramu. Gramu 300 za nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta, ikikatwa vipande vidogo kama punje za mahindi na kupikwa na karoti 4, biringanya 2 na mchuzi wa msingi, inalisha sahani 8 na kila sahani inapata ladha ya nyama. Vipande vidogo hulainika vizuri na hugandika vizuri. Mapande makubwa yakiyeyushwa huwa na nyuzi kavu. Madini ya chuma ya maharagwe na mboga hufyonzwa vyema zaidi yakiliwa pamoja na nyanya au ndimu, na vibaya zaidi yakifuatwa na chai. Chai isubiri saa moja.

Dodo, nakati na mboga nyingine za majani: zichovye maji yanayotokota dakika 2, zitie kwenye maji baridi, zikamue, zigandishe kwa mafungu ya konzi moja. Zisipochovywa, vimeng'enya vyake huendelea kufanya kazi kwenye baridi na baada ya wiki chache zina ladha ya majani makavu.

Matoke, posho na wanga uliopoa

Posho ya mahindi, wali, na kalo ya ulezi havina shida ya fruktani. Chapati na mkate vinayo. Posho na kalo havistahili nafasi kwenye friza: hupikwa kwa dakika 15, na vikiyeyushwa hutoa maji na kumomonyoka.

Matoke yanastahili, kwa sababu kuyamenya na kuyapika ni kazi. Chagua yaliyo mabichi kabisa. Yakianza kuiva fruktani yake hupanda. Yapike kwenye majani, yaponde, yagawe mafungu ya gramu 250, yagandishe kwenye mifuko. Yakipoa yatakuwa magumu kama matofali, nayo ni kawaida. Siku ya kula yafunge tena kwenye jani la mgomba na uyapike kwa mvuke dakika 25. Kikaango kitayakausha.

Ila kuna jambo la kujua. Wanga uliopikwa ukapoa hujipanga upya, na sehemu yake huwa sugu, haimeng'enywi na utumbo mwembamba. Kupasha moto hurudisha kiasi, si wote. Kwa watu wengi wanga sugu ni mzuri, ila kwa utumbo nyeti unaweza kuongeza gesi. Kwa hiyo mtu anayekula matoke mabichi yaliyopikwa leo bila shida, lakini hujaa akila yale yale kutoka kwenye friza, hajajidanganya. Apunguze fungu liwe gramu 150, aongeze posho.

Viazi mviringo vya Kabale vikigandishwa vipande vizima huwa sifongo, kwa kuwa barafu huvunja kuta za chembe zake. Vipondwe kwanza. Viazi vitamu, hata vile vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A, vina kidogo manitoli, mojawapo ya zile sukari za FODMAP. Gramu 75 kwa mlo huwa salama kwa wengi, sahani nzima si salama.

Katogo ni shida ya pekee. Ukipika matoke na maharagwe au nyama yenye vitunguu kwenye sufuria moja, matoke hunyonya sukari zote zilizomo. Usigandishe katogo iliyokwisha kuchanganywa. Gandisha fungu la matoke, fungu la mchuzi na punje za maharagwe kando kando, vikutane kwenye sufuria siku ya kula, dakika 10 tu.

Friza yenyewe, na umeme unapokatika

Chakula cha moto kisiingie kwenye friza, na kisikae mezani zaidi ya saa 2. Weka sufuria kwenye beseni la maji baridi, koroga, badilisha maji mara mbili, kisha gawa kwenye vyombo vyenye kina cha sentimita 3 hadi 5. Wali uharakishwe kuliko vyote: mbegu za bakteria wake hazifi kwa kuchemsha, na sumu wanayotoa wali ukikaa kwenye joto haiondoki ukipashwa. Kavera (mfuko wa plastiki) nyembamba isitiwe chakula cha moto. Acha nafasi ya vidole viwili juu ya kila chombo, kwa kuwa maji hutanuka yakiganda.

Soma nyota kwenye mlango. Kisanduku kidogo cha barafu ndani ya friji chenye nyota 1 hufikia nyuzi 6 chini ya sifuri na huhifadhi wiki 1. Nyota 2 ni nyuzi 12 na mwezi 1. Nyota 3 ni nyuzi 18 na miezi 3. Muda wote uliotajwa katika makala hii ni wa nyota 3. Pia usijaze chakula kipya kingi kwa siku moja: friza ya lita 100 ipewe kilo 3 hadi 4, isije ikayeyusha cha zamani.

Yaka (umeme wa kulipia kabla) ikiisha usiku au laini ikikatika, usifungue mlango. Friza iliyojaa hushikilia baridi kama saa 48, iliyojaa nusu kama saa 24. Jaza nafasi tupu kwa chupa za maji. Na weka kikombe cha maji yaliyoganda chenye sarafu juu yake. Ukirudi kutoka kijijini ukaikuta sarafu imezama, umeme ulipotea muda mrefu hata kama sasa umerudi na kila kitu kimeganda tena, na chakula hicho kitupwe. Kilichoanza kulainika lakini bado kina barafu kinaweza kugandishwa tena.

Kupasha: mchuzi uingie sufuriani ukiwa umeganda, na vijiko 3 vya maji, kifuniko juu, hadi utokote katikati na siyo pembeni tu. Mara moja. Kilichobaki hakirudi.

Kupandisha kipimo

Mlo huu mkali, usio na kitunguu na wenye maharagwe kidogo, ni wa wiki 2 hadi 6. Haufai kuwa wa maisha, kwa kuwa sukari hizo hulisha bakteria wema. Mtoto, mjamzito au aliyekonda asiuanze bila mtaalamu wa lishe. Kama wiki 6 zimepita bila nafuu yoyote, tatizo pengine si sukari hizi, na kuendelea kujinyima hakuna faida.

Nafuu ikija, jaribu kundi moja moja kwa siku 3, huku mengine yakibaki yalivyo. Kwa maharagwe, siku ya kwanza vijiko 2, siku ya pili 4, siku ya tatu 6. Pumzika siku 3, kisha nenda kwenye kitunguu, kisha maziwa. Baadhi hugundua wanaweza kijiko cha tatu na cha nne bila shida, na kwamba ni kitunguu kilichokuwa kinawaumiza muda wote huo. Idadi ya vijiko iliyokubalika iandike kwenye mfuko wa maharagwe, kwa kalamu isiyofutika, kando ya tarehe, ili yeyote atakayepika siku ambayo mwenyewe amelala ajue achote ngapi.